Mabaraza ya Mpira ya Afungi

Wapo wasomaji watakaostaajabu kukuta makala ya kusifu mahali pa kunywea na kutazamia mpira katika kurasa hizi, ambazo kwa kawaida huzungumzia ngeli, methali na mashairi. Hatuwalaumu. Mwalimu wa lugha amezoeleka kuonekana na chaki mkononi, na wengi wangependa abaki hivyo hata jua likiisha kuchwa. Lakini sisi tumeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20 tangu tulipopata stashahada ya elimu, na tumekwisha kuridhika kwamba sehemu kubwa ya Kiswahili tunachokijua hatukufundishwa darasani. Tulikipata benchini, miongoni mwa watu waliokuwa wakigombana juu ya bao lililokataliwa.

Basi twaomba ruhusa ya kueleza habari za mabaraza matatu tuliyoyapenda katika rasi ya Afungi na mji wa Palma, jinsi yalivyokuwa, jinsi yalivyovunjika, na yale tunayoyaogopa sasa ambapo watu wanarudi na kazi zinaanza upya.

Afungi ni rasi iliyo katika wilaya ya Palma, jimbo la Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji. Mji wa Palma umekaa kwenye ghuba ambayo jina lake la zamani ni Tungi, na kutoka hapo hadi mto Ruvuma, ulio mpaka wa Tanzania, si mbali. Watu wa pwani hiyo husema Kiswahili na Kimwani, na hilo jina la Mwani maana yake ni pwani. Wako pia Wamakwe na Wamakonde wenye lugha zao. Kireno ndicho lugha ya shule na ya ofisi. Mwaka 2010 iligunduliwa gesi nyingi chini ya bahari mbele ya pwani hiyo, na kwa ajili ya mitambo yake zikatengwa hekta zipatazo 7,000 rasini Afungi. Wakaja watu kutoka Maputo, Beira na Nampula, madereva, mafundi, makarani na wachuuzi, ambao hawakuweza hata kuuliza bei ya samaki kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 2018 sisi, tulio wenyeji wa Mtwara, tuliitwa kuwafundisha baadhi yao Kiswahili cha mazungumzo. Tulifundisha jioni, na baada ya somo tulikwenda barazani.

Baraza la kwanza lilikuwa la kahawa. Lilikuwa Palma mjini, karibu na ufuko, chini ya mwembe, nalo halikuwa na pombe wala televisheni. Lilikuwa na dele juu ya jiko la makaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, kashata za nazi, magogo mawili ya mnazi ya kukalia, na redio moja. Redio hiyo ilikuwa ikishika matangazo ya Tanzania, na kwa hiyo Simba na Yanga walikuwa na wafuasi hapo kama walivyo nao Kariakoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na wazee wa baraza hilo waliirithi timu pamoja na mashua na nyavu. Hakuna aliyeona ajabu kuwa raia wa Msumbiji na kununa siku nzima kwa sababu Yanga imefungwa.

Mpira wa redioni wahitaji maneno mengi kuliko mpira wa televisheni, kwa kuwa macho hayana la kufanya. Mtangazaji akisema mpira umekwenda upande wa kulia, wasikilizaji wageuza vichwa kulia. Kila mmoja ana kiwanja chake kichwani, na pale mtangazaji anaponyamaza kuvuta pumzi, wao hujaza pengo. Hapo ndipo tulipowasikia wavuvi wakimwita mshambuliaji asiyerudi nyuma kusaidia wenzake kwa jina la nanga, na mchezaji mwenye chenga nyingi zisizo na faida wakisema anatweka tanga bila upepo. Misemo hiyo hatukupata kuiona katika kitabu chochote cha mafunzo.

Jambo jingine lililotufurahisha hapo ni hesabu ya saa. Msumbiji iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Mechi inayoanza saa kumi alasiri Dar es Salaam huanza saa tisa Palma, na karani aliyesoma kwa Kireno huiita saa hiyo ya 15. Mgeni akiambiwa na Mswahili kwamba mpira ni saa tisa, naye akaichukua kwa hesabu ya Kireno, atafika saa tatu asubuhi na kukuta magogo matupu. Wanafunzi wetu watu wazima, waliokuwa wakisinzia tulipoeleza saa za Kiswahili ubaoni, walizijua zote kwa wiki moja walipoanza kufuata ratiba ya ligi.

Baraza la pili lilikuwa la pombe, na twalitaja bila kificho. Lilikuwa kibanda cha makuti kando ya barabara itokayo Palma kwenda Afungi, nyuma ya mikorosho, mbali na msikiti. Watu wa Msumbiji huviita vibanda vya namna hiyo barraca. Mwenyewe alikuwa mama wa Kimakonde, na wote, hata waliomzidi umri, walimwita Mama. Palikuwa na jenereta, televisheni moja, king'amuzi, na jokofu lililofunguliwa na yeye peke yake. Msimu wa mabibo vijana walipitisha uraka kwenye vidumu, na wazee wachache waliulizia nipa kwa sauti ya chini. Lakini kinywaji cha kila siku kilikuwa bia iitwayo 2M, ambayo kwa Kireno hutamkwa dois éme.

Jina la bia hiyo lina historia inayofaa kusimuliwa mahali pa mpira. Latokana na Mac-Mahon, Rais wa Ufaransa aliyetakiwa kuamua ugomvi wa Uingereza na Ureno juu ya ghuba ya Delagoa, ulipo mji wa Maputo. Mwaka 1875 aliamua kwamba ghuba ni ya Ureno. Dereva mmoja wa Beira, aliyekuwa mwanafunzi wetu, alipenda kuinua chupa yake na kutangaza kwamba hii ndiyo bia pekee duniani iliyopewa jina la refa. Fundi seremala wa Palma alimjibu kila mara kwamba refa huyo alichezesha mechi ambayo wenye kiwanja hawakualikwa.

Adabu ya mahali hapo ilikuwa kali kuliko anavyodhani mtu aliyezoea mabaa ya mijini. Sehemu kubwa ya watu wa pwani hiyo ni Waislamu, na katika kundi letu la watu tisa, wanne hawakunywa pombe kabisa. Walikaa nasi kwa soda au kwa chai, na hakuna aliyewasukumia bilauri, wala wao hawakumhubiria mtu. Mwezi wa Ramadhani Mama alishusha mkeka mbele ya kibanda na hakuuza mchana. Tusi la kabila lilimtoa mtu nje hata kama timu yake inaongoza. Madeni aliyaandika katika daftari la shule, majina na maelezo kwa Kiswahili, tarakimu akizisoma kwa Kireno, kwa kuwa hesabu alifundishwa kwa Kireno na mambo ya watu aliyajua kwa Kiswahili. Twatamani mtaalamu wa lugha angelisoma daftari lile.

Huko ndiko tulikofundisha vizuri kuliko darasani, au tuseme tulifundishwa pamoja na wanafunzi wetu. Wao walileta maneno yao ya mpira, wenyeji wakaleta ya kwao, na kila neno likapimwa. Mlinda mlango kwa Kireno ni guarda-redes, yaani mlinda nyavu. Mvuvi mmoja alilikataa neno hilo papo hapo, akasema kuwa nyavu hutegwa, hazilindwi, na anayezilinda ni yule ambaye jana ameibiwa. Mpira wa kona kwao ni canto, na neno hilohilo ni wimbo, basi kila kona ilipopigwa fundi seremala aliwataka waanze kuimba. Mchezaji akiwa mbele ya walinzi wote wao husema fora-de-jogo, maana yake nje ya mchezo. Sisi twasema ameotea, yaani amejificha akivizia. Tulijadili hilo usiku mzima. Mwishowe karani wa Nampula alisema kwamba Kireno chataja mahali aliposimama mtu, na Kiswahili chataja nia yake. Na kwamba refa aweza kuona mahali, lakini nia ni ya Mungu. Sisi hatukuwa na la kuongeza.

Aliyelalamika kwamba Kiswahili ni kigumu tulimwonyesha kilichokuwa mbele yake. Tulikuwa tumekaa kwenye meza, wengine wakicheza karata na kuhesabu turufu, na mtu mmoja akisimulia ladha ya mvinyo. Meza, karata, turufu na mvinyo ni maneno yaliyotoka katika Kireno karne nyingi zilizopita yakawa yetu. Mgeni alikuwa amekwisha kukaa ndani ya lugha asiyoijua.

Mabishano makubwa kuliko yote yalihusu watu wawili. Wa kwanza ni Eusébio, aliyezaliwa mwaka 1942 katika mji ulioitwa Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966 nchini Uingereza alifunga mabao 9. Manne kati ya hayo aliifunga Korea Kaskazini katika mechi moja, Ureno ikiwa imekwisha kufungwa 3, ikashinda 5 kwa 3. Nahodha wa timu hiyo, Mário Coluna, naye alikuwa mzaliwa wa Msumbiji. Lakini vita vya ukombozi vilikuwa vimeanza Septemba 1964, huko Chai, katika jimbo hilihili la Cabo Delgado. Basi mabao yale ni ya nani? Vijana wa Maputo walisema ni ya Msumbiji. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa mtoto wakati wa vita hivyo, alisema: "Mguu ulikuwa wetu, jezi ilikuwa yao." Kisha akaomba chai nyingine, na mabishano yakaanza tena, kwa sababu kila mtu alidhani maneno hayo yanamuunga mkono yeye.

Mtu wa pili ni Luís Miquissone. Agosti 2019 timu ya UD Songo ya Msumbiji ilikutana na Simba katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Mechi ya kwanza ilikwisha bila bao, na ya pili, iliyochezwa Dar es Salaam, ilikwisha 1 kwa 1. Bao la Songo lilifungwa na Miquissone, na kwa bao hilo la ugenini Simba ikatolewa. Wafuasi wa Simba wa Palma walikuwa na nchi yao upande mmoja na klabu yao upande wa pili. Mmoja alishangilia, kisha akakaa chini akashika kichwa. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2020, Simba ikamsajili mchezaji huyohuyo, na mtu yule akatangaza kwamba sasa moyo wake umerudi kuwa mmoja.

Baraza la tatu lilichelewa kuwa baraza, na kuchelewa kwake kulitufundisha mengi. Watu wa Quitupo na vijiji vingine vilivyokuwa ndani ya eneo la mradi walijengewa makao mapya Quitunda, na wa kwanza walihamia mwaka 2019. Nyumba zilikuwa za matofali na mabati, zimepangwa kwa safu zilizonyooka. Wavuvi walilalamika kwamba bahari imekuwa mbali. Sisi tulikwenda huko kwa mwaliko wa mwanafunzi mmoja, naye alikuwa amenunua televisheni, akaiweka kibarazani kwake ili majirani watazame.

Wachache walikuja, wakasimama. Tulidhani hawapendi timu zilizokuwa zikicheza. Baadaye mzee wa hapo alitueleza kwamba kibaraza kina mwenyewe, na kukaa juu yake ni kupokea fadhila, tena wao walikuwa wametoka vijiji mbalimbali na hawajazoeana kiasi cha kupokeana fadhila kila jioni. Kijijini kwao walikaa chini ya mti, na mti hauna mwenyewe. Hapa mti haukuwako. Ilipita miezi kadhaa. Kisha vijana waliburuta gogo kutoka upande wa kijiji cha zamani, wakaliweka kwenye pembe ya barabara ambayo haikuwa mbele ya nyumba ya mtu yeyote, wakasimika nguzo ya kuwekea televisheni. Siku iliyofuata benchi lilijaa. Tangu hapo kila tunaposikia kwamba mahali fulani pamejengwa kijiji kizuri, twauliza gogo liko wapi.

Kutoka mwaka 2020 mambo yalizidi kuwa magumu. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vilisogea kaskazini, na Agosti 2020 mji huo ukatekwa. Barabara za kuja Palma hazikupitika kwa usalama, na vyakula vikaadimika. Sukari ilipanda bei hata kashata zikatoweka barazani, tukanywa kahawa chungu mikono mitupu. Mwanzoni mwa 2021 wafanyakazi wengi waliondolewa Afungi, na darasa letu likabaki na watu sita. Juu ya hayo, mabaa na vibanda vya pombe nchini vilikuwa vimefungwa kwa amri za kuzuia korona.

Kwa sababu hiyo, tarehe 23 Februari 2021, watu wa kibandani hawakuwa na mahali pa kwenda. Siku hiyo Simba ilikuwa ikicheza Dar es Salaam na Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika. Wakaja barazani kwa kahawa, wakiwa na Mama mwenyewe, na wawili watatu walifika kutoka Quitunda. Tulikaa kwa nafasi, tumetandaa mpaka karibu na mashua, redio ikiwa imewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Katika kipindi cha kwanza Miquissone alipiga shuti, likaingia. Simba ilishinda 1 kwa 0. Waliokuwa wa Yanga hawakununa siku hiyo, kwa kuwa mfungaji alikuwa Mmsumbiji. Dereva wa Beira alimpigia mzee mvuvi saluti, akamwambia kwamba safari hii mguu ni wetu na jezi ni ya Waswahili. Mzee akajibu kuwa jezi hiyo hana ugomvi nayo. Hatukupata tena kukutana watu wote wa mabaraza matatu mahali pamoja.

Mwanzoni mwa Machi tulirudi Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Tanzania ilikuwa katika maombolezo ya Rais John Magufuli, aliyefariki wiki moja kabla, na mtaani kwetu redio zote zilikuwa zikipiga nyimbo za msiba. Mawasiliano ya simu na Palma yalikatika siku hiyohiyo. Tulipiga namba za watu wanane, na zote zilikuwa hazipatikani. Maelfu kwa maelfu ya watu walikimbia, wengine kwa miguu porini, wengine kwa mashua mpaka Pemba, wengine Quitunda, karibu na lango la mradi. Tarehe 26 Aprili kampuni ya Total, iliyokuwa ikiuongoza mradi, ilitangaza kuusimamisha. Julai askari wa Rwanda walifika kusaidiana na wa Msumbiji, na Agosti mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa.

Tulikuwa watu tisa. Habari zilikuja moja moja, kwa muda wa miaka. Mama alikuwa Pemba, akiuza maandazi. Karani alirudi Nampula. Dereva alituma salamu kutoka Beira. Wengine wawili walirudi Palma kabla ya watu wengi. Jumla, pamoja na sisi wenyewe, twajua walipo sita. Mzee mvuvi hayumo katika hao sita, wala fundi seremala, wala yule mfuasi wa Simba aliyeshika kichwa.

Mtwara tulipata pa kutazamia mpira katika kibanda umiza kimoja, chenye mabenchi ya mbao, kuta za mabati na joto linalostahili jina lenyewe. Hapo hawauzi bia, ila maji na karanga. Januari 2024, Msumbiji ilipocheza fainali za Mataifa ya Afrika huko Ivory Coast, tuliwakuta hapo watu wengine wenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma. Tuliwatambua kabla hawajajitaja, kwa kuwa mpira ulipotoka nje kwenye pembe mmoja wao alisema canto, na mwenzake akaguna kwa kuimba. Tarehe 22 Januari Msumbiji ilikuwa nyuma 2 kwa 0 mbele ya Ghana mpaka dakika 90 zikaisha. Katika dakika za nyongeza Geny Catamo alifunga penalti, kisha Reinildo akafunga kwa kichwa, na mechi ikaisha 2 kwa 2. Kibanda kizima kilisimama. Tarehe 28 Desemba 2025, huko Morocco, Msumbiji iliifunga Gabon 3 kwa 2, na huo ukawa ushindi wake wa kwanza katika fainali hizo tangu iliposhiriki mara ya kwanza mwaka 1986. Usiku huo simu yetu ilipokea ujumbe kutoka Pemba wa maneno mawili tu: "Mguu wetu." Aliyeandika ni Mama.

Novemba 2025 kampuni, ambayo sasa huitwa TotalEnergies, ilitangaza kuondoa zuio la mradi. Watu wamerudi Palma, soko limechangamka, na rasini kazi zaanza. Tumefika huko tena, tukaona kwamba mwembe wa kahawa ungalipo na muuzaji ni kijana mgeni. Mahali palipokuwa kibanda cha Mama pameota majani. Hatuna la kusema juu ya gesi, kwa kuwa hatuna elimu yake. Twataka kusema juu ya benchi, ambalo tuna ujuzi nalo.

Hofu yetu ni kwamba kazi zitakua na mabaraza yasirudi. Mtu aliyekuja kufanya kazi aweza kula, kunywa na kutazama mpira ndani ya uzio, kwa lugha yake, miezi yote ya mkataba wake, asijue jina la mwenyeji hata mmoja. Mwenyeji naye aweza kuuona uzio huo kila siku bila kumjua mtu hata mmoja aliye ndani. Wote wawili watakuwa wanatazama mechi moja, kila mmoja peke yake. Twafahamu kwamba baada ya yaliyotokea usalama wahitaji uzio, na hatumlaumu anayeujenga. Hata hivyo watu waliowahi kubishana juu ya Eusébio kwenye benchi moja walijuana kwa sura, kwa sauti na kwa timu, na walipokimbia walitafutana. Sisi twaendelea kuwatafuta watatu kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo twawaomba wanaopanga makao mapya waache pembe isiyo mbele ya nyumba ya mtu, wapande mti, na waweke gogo hata kabla mti haujakua. Haigharimu kitu. Asiyekunywa pombe apate kukaa hapo na anayekunywa, wala asiwepo wa kumwuliza mtu ametoka kijiji gani.

Kwa walimu wenzetu tuna ombi jingine. Tangu UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, sherehe zimekuwa za jukwaani, zenye ngonjera na hotuba, nazo ni nzuri. Tuongeze kazi moja. Kila mwalimu aende kwenye baraza la mpira lililo karibu naye, liwe la kahawa au la pombe, na daftari mfukoni. Aandike watu wa hapo wanamwitaje mlinda mlango aliyefungwa kizembe, mshambuliaji mvivu, na refa aliyekula rushwa. Aandike wanasemaje mtu akiotea. Maneno hayo hufa pamoja na wenyewe, na tumekwisha kuona jinsi wenyewe wanavyoweza kutoweka katika siku moja.

Sisi tumekusanya maneno 64 ya Palma na Afungi, mengi yakiwa ya mzee mvuvi na fundi seremala. Tutayaleta kwa mhariri pindi tutakapomaliza kuyapanga. Wasomaji walio Lindi, Mtwara, Kilwa, Pemba ya Msumbiji na Ibo wenye maneno ya namna hiyo twawaomba wayatume pia, pamoja na jina la mahali yaliposikika. Na iwapo msomaji yeyote amekaa benchini na mzee wa Palma asemaye kwamba nyavu hutegwa hazilindwi, amwambie kwamba kahawa yake imelipiwa.